Alikunywa Lini Mara ya Mwisho?

Mazungumzo ya redioni
Somo: Luka 10:25–37

  

Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo sisi watu wa kanisa hulisema kila wiki. Neno lenyewe ni “acha”. Tunamwambia mlevi, “Acha pombe.” Tunamwambia kijana wa bangi, “Acha.” Tunamwambia yule wa unga, “Acha.” Neno hili ni jema, na sitakuja hapa kulifuta. Lakini nimejifunza, tena nimejifunza kwa uchungu, kwamba kuacha nako kuna njia yake, na kwamba mtu aweza kuugua sana, hata kufa, kwa sababu ya jinsi alivyoachishwa. Niliyafanya makosa haya mimi mwenyewe, nikiwa na kola shingoni na Biblia mkononi. Nisikilizeni basi.

Nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia si muda mrefu, nikapewa parokia yangu ya kwanza. Chuoni nilifundishwa Kiyunani kidogo, historia ya Kanisa, na namna ya kuandaa mahubiri. Sikumbuki kama nilifundishwa lolote juu ya mwili wa mtu anayekunywa kila siku. Katika parokia ile palikuwa na fundi seremala hodari. Mabenchi ya kanisa alitengeneza yeye, na mimbari pia. Lakini alikuwa amekunywa chang'aa kwa miaka mingi. Asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka akashindwa kushika randa, hivyo alianza siku kwa glasi moja ya “kutoa loki”, kama wasemavyo, na baada ya hapo mikono ikatulia akafanya kazi.

Jumapili moja alasiri tulikuwa na mkutano wa injili. Nilihubiri juu ya mwana mpotevu. Fundi akaja mbele akilia, akatubu. Tuliimba, tukafurahi. Mimi nikasimama mbele ya watu wote nikasema kwamba tangu saa ile hatagusa tone. Ndugu watatu wakajitolea kulala kwake wamlinde, mlango ufungwe, asipate mtu wa kumletea chupa. Tuliona ni upendo. Na kweli ulikuwa upendo, lakini haukuwa na maarifa.

Usiku ule ule alianza kutetemeka, akatokwa na jasho, akatapika. Ndugu wakaniambia, “Shetani hataki kutoka.” Jumatatu hakula, hakulala. Usiku wake akaanguka kifafa, jambo ambalo halikuwahi kumpata maishani. Tuliomba, naye akatulia. Jumanne jioni akaanza kupiga ukuta kwa viganja, akisema panya wanapanda kitandani, akamwita mama yake aliyekufa zamani, na mkewe mwenyewe hakumtambua. Tulikemea mapepo usiku kucha. Nilikemea mpaka sauti ikanikauka. Alfajiri mkewe, ambaye alikuwa amenyamaza siku zote tatu, akamshika kipaji cha uso, akaniambia kwa upole, “Mchungaji, baba watoto anaungua moto. Huyu ni mgonjwa. Nakuomba tumpeleke hospitali.”

Tulipata gari la kubebea mboga, tukampeleka. Pale mlangoni alitupokea muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliyesomea uuguzi wa magonjwa ya akili. Hakuuliza dini yetu wala hakutugombeza. Alimtazama mgonjwa macho, akashika mkono wake kuhesabu mapigo, kisha akaniuliza swali moja: “Alikunywa lini mara ya mwisho?”

Ndugu msikilizaji, kwa siku tatu hakuna mtu aliyeuliza swali hilo. Sote tulikuwa tukihesabu siku alizookoka. Hakuna aliyehesabu masaa tangu glasi ya mwisho.

Muuguzi yule alinieleza baadaye, kwa subira, yale ambayo nataka niwaeleze ninyi leo.

Alisema pombe ikiingia mwilini huutuliza ubongo. Inafanya kazi kama mtu anayesukuma mlango ujifunge. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo haukubali kulala. Nao husukuma kutoka upande wa pili ili mlango ubaki wazi kiasi. Mwaka baada ya mwaka pande hizo mbili zasukumana, na kwa nje huoni kitu, mlango umesimama tu. Sasa mwondoe ghafula yule wa upande wa kwanza. Itakuwaje? Yule wa upande wa pili ataanguka na mlango wake kwa kishindo. Ndivyo ubongo unavyofanya pombe ikiondolewa kwa siku moja. Nguvu zote ulizojiwekea kupigana na pombe zabaki hazina wa kupigana naye. Moyo unapiga mbio, jasho linatoka, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia.

Tena ugonjwa huu una saa zake. Kati ya masaa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho, huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi. Kifafa, kikija, kwa kawaida huja ndani ya siku 2 za kwanza. Na kati ya siku ya 2 na ya 4 wachache miongoni mwao huingia katika hali ya hatari zaidi: kuweweseka, kuona wadudu au watu wasiokuwapo, kutojua ni mchana au usiku, homa, na shinikizo la damu kupanda. Daktari mmoja Mwingereza, Thomas Sutton, aliieleza hali hiyo na kuipa jina katika mwaka 1813. Hata hivyo, kwa muda mrefu madaktari walibishana kama inaletwa na pombe yenyewe, au na njaa ya walevi, au na kuacha. Mwaka 1955 daktari Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Kentucky, Marekani, walichapisha habari ya watu waliojitolea kunyweshwa pombe kila siku kwa majuma kadhaa, huku wakilishwa vizuri na kupewa vitamini. Walipoachishwa ghafula, wale waliokunywa muda mrefu zaidi walitetemeka, wengine wakapata kifafa, wengine wakaweweseka. Ikaonekana wazi kwamba kuacha kwa ghafula kwenyewe kwatosha kuleta ugonjwa huo, hata kwa mtu aliyeshiba.

Niliposikia hayo, niliona aibu. Fundi wetu alikunywa mara ya mwisho Jumapili asubuhi kabla ya kuja kanisani, ili mikono itulie apate kushika kitabu cha nyimbo. Ukihesabu tangu saa hiyo, utaona kila lililompata lilikuja kwa wakati wake, kama gari la moshi linalopita stesheni moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nikikemea stesheni.

Najua kuna msikilizaji anayeuliza, “Mchungaji, wakataa sasa kwamba kuna mapepo?” La, sikatai. Injili zatuambia Bwana wetu aliwafungua watu. Lakini Injili hizo hizo zatofautisha wenye pepo na wenye magonjwa. Soma Mathayo 4:24. Na Luka, ambaye Paulo amwita tabibu katika Wakolosai 4:14, hakuacha kuwa tabibu alipokuwa mwandishi wa Injili. Mimi nasema hivi tu: taabu inayoanza kwa masaa yanayojulikana baada ya kuacha pombe, na kutulia kwa dawa inayojulikana, tuiite kwa jina lake. Kuiita ugonjwa si kumnyima Mungu sifa. Na kama wataka kuomba, omba. Omba ndani ya gari, huku mkielekea hospitali.

Basi hospitalini hufanywa nini? Wengi huogopa kwa sababu hawajui, kwa hiyo nitaeleza.

Kwanza muuguzi huuliza maswali, nawe uliyemleta mgonjwa yakupasa kuyajibu kwa ukweli. Alikunywa lini mara ya mwisho? Hunywa nini, na kiasi gani kwa siku? Amewahi kupata kifafa au kuweweseka alipojaribu kuacha zamani? Maana aliyewahi kupata, hatari yake ni kubwa kuliko wengine. Je, anatumia vidonge vya usingizi, bangi, au unga? Amegonga kichwa? Usifiche ili kulinda jina la familia. Muuguzi hatangazi habari zako. Anatafuta njia ya kumwokoa mtu.

Pili, hupima mapigo ya moyo, homa, shinikizo la damu na sukari, kisha hurudia kumtazama mgonjwa kila baada ya masaa machache, mchana na usiku. Wana orodha yenye mambo 10 ya kutazama: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, kuona yasiyokuwapo, na kadhalika, na kila jambo hupewa alama. Alama zikipanda, dawa huongezwa, zikishuka, hupunguzwa.

Tatu, kuna dawa yenyewe. Iliyozoeleka ni diazepamu au ndugu zake. Hiyo huushika ule mlango niliousema, halafu huuachia polepole kwa muda wa siku kadhaa, karibu juma moja, mpaka ubongo ujifunze kusimama wenyewe. Lakini nawasihi: msinunue vidonge hivyo dukani mkamtibu mtu nyumbani. Vikichanganywa na pombe vyaweza kuzuia pumzi, naye akalala asiamke.

Nne, kuna vitamini B1, ambayo madaktari huiita thayamini. Hii tuikumbuke sana. Mtu anayekunywa bila kula huishiwa na vitamini hiyo, na ubongo bila hiyo huharibika. Karl Wernicke wa Ujerumani alieleza ugonjwa huo mwaka 1881: macho kuchezacheza, mwendo wa kuyumba na akili kuchanganyikiwa. Muda mfupi baadaye Mrusi Sergei Korsakoff akaeleza unaofuata, yaani kupotewa na kumbukumbu. Dawa yake ni thayamini, kwa sindano, tena mapema. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa wasimpe mlevi mgonjwa maji ya sukari ya dripu peke yake bila thayamini, kwa kuwa mwili hutumia vitamini hiyo kuichoma sukari, na ile kidogo iliyobaki huisha.

Tano, kuna jambo lisilo dawa, nami niliona ndilo zuri kuliko yote. Chumba kilikuwa kimya, na taa iliachwa ikiwaka usiku ili vivuli visimtishe mgonjwa. Muuguzi yule yule alimrudia mara kwa mara, akimwita kwa jina lake, akisema, “Mimi ni nesi wako. Uko hospitali. Leo ni Jumatano. Hakuna panya hapa.” Alimpa maji kidogo kidogo. Hakubishana naye, hakumcheka, wala hakumfunga kamba. Sisi tulikuwa tumempigia kelele usiku mzima. Yeye alisema kwa sauti ya chini, na mtu akatulia.

Nilimwuliza, “Sista, tungefanya nini pale nyumbani?” Akanijibu neno ambalo lilinishtua mimi mtu wa kanisa. Alisema, “Mchungaji, afadhali mgonjwa afike kwangu akinuka pombe kuliko afike akiwa na kifafa.” Maana yake, mtu ambaye mwili wake umeshazoea pombe kila siku asikatiwe ghafula na watu wa nyumbani, aletwe kwanza, halafu aachishwe mikononi mwa wanaojua. Niliona neno hilo ni gumu. Lakini nimelipima miaka yote hii, nami naona ni la huruma.

Sasa tuifungue Luka sura ya 10. Wote twaijua habari ya Msamaria. Hebu tuitazame mara hii kama kazi ya kuuguza. Msamaria alimkuta mtu njiani nusu ya kufa. Hakumwambia asimame atembee, wala hakuanza kumwuliza kwa nini alipita njia ile mbaya peke yake. Alikaribia. Alimtia mafuta na divai katika majeraha, akayafunga. Kisha akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni. Wapendwa, Msamaria hakujaribu kumaliza kazi yote kando ya barabara. Alifanya lile lililo lake, halafu akampeleka mahali penye kitanda na mtu wa kumtunza. Kesho yake alitoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi.

Tazameni basi: alikaribia, alibeba, alimwamini mwingine, alilipa, tena aliahidi kurudi. Sisi mara nyingi hushika la kwanza tu. Wengine hata hilo hatulishiki. Tunapita upande wa pili kama kuhani, na mimi kuhani najua ninalosema.

Tulitaje jambo la mwenye nyumba ya wageni. Katika nchi yetu hospitali ya akili imekuwa jina la kutukanana. Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, na hata leo mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia anafaa kupelekwa Mathari. Kwa ajili ya aibu hiyo, wazazi humficha kijana chumba cha nyuma mpaka aharibike. Lakini ni katika hospitali hiyo hiyo, mwaka 2014, ndipo pakaanza kutolewa dawa ya methadoni kwa walionaswa na heroini. Ni nyumba ya wageni, ndugu zangu. Tusiitukane nyumba ambayo Msamaria angetupeleka.

Na kwa kuwa nimetaja heroini, ambayo wengi huiita unga, niseme maneno machache. Wanaoacha unga hupatwa na arosto: mifupa kuuma, kuharisha, kutokwa na makamasi, baridi na usingizi kukosa. Ni mateso makali, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra mateso hayo peke yake kumwua. Hatari yake iko mahali pengine. Mwili ukishaacha kwa majuma machache husahau kipimo cha zamani. Akirudi siku moja akatumia kiasi kile kile alichozoea, pumzi hukatika. Kwa hiyo kijana aliyetoka jela au kituo cha matibabu asihesabiwe kuwa salama. Ndipo anapohitaji ndugu kuliko siku zote. Methadoni humpa utulivu wa kila siku chini ya macho ya mwuguzi, naye apate kufanya kazi na kulea watoto. Wako wanaosema eti ni kubadilisha dawa ya kulevya kwa nyingine. Mimi nimewaona baba waliorudi kwao, nami sitawarudisha barabarani kwa ubishi.

Vidonge vya usingizi vilivyotumiwa muda mrefu, hivyo ni kama pombe: vikiachwa ghafula vyaweza kuleta kifafa, basi navyo vipunguzwe na daktari. Bangi na miraa, mtu akiacha, hukasirika upesi, hukosa usingizi au kulala mno, na roho huinama. Hapo yafaa subira na chakula na kumwangalia asikate tamaa.

Narudi kwenye pombe. Yawapasa wazee wa kanisa, Umoja wa Akina Mama, na vijana wetu kuzijua dalili. Mtu akinywa kila siku na asubuhi anatetemeka mpaka anywe tena, huyo asiambiwe aache leo hii nyumbani. Mpelekeni hospitali au kituo cha afya kwanza. Kama amekwisha acha, na ameanza kuweweseka, au ana homa, au anatapika bila kukoma, msingoje asubuhi. Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, msimtie kijiko wala kidole kinywani, halafu mpelekeni. Akisema macho yake yanaona ukungu baada ya kunywa pombe ya mitaani, huenda amekunywa sumu ya methanoli, mkimbizeni. Tukumbuke Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walipokufa jijini Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Na kwa mashauri, halmashauri ya serikali inayopambana na ulevi, NACADA, ina simu isiyolipiwa, namba 1192.

Tena nawaonya juu ya jambo moja. Iko dawa iitwayo disulfiramu, ambayo mtu akiimeza kisha akanywa pombe, huugua vibaya. Daktari aweza kumpa mtu anayeitaka mwenyewe, aliyeelezwa. Msimtilie mume wala mwana katika chai kwa siri. Aweza kufa mezani penu, na hata akipona, hataamini tena chai ya nyumba yake.

Baada ya juma lile la hospitali, msidhani kazi imekwisha. Mwili umesafishwa, lakini mtu hajapona. Katika Mithali 23, kuanzia mstari wa 29, Sulemani aeleza mlevi kwa ukamilifu: macho mekundu, majeraha asiyojua yalikotoka, kuyumba kama aliye baharini, na mwisho wake anapoamka anauliza ataipata wapi tena. Hapo penye mwisho ndipo ulipo ugonjwa. Hamu hurudi. Ndiyo maana yako matibabu ya miezi, mashauri, dawa za kupunguza hamu, na vikundi vya watu walioacha. Kile kikundi cha walevi walioacha, kijulikanacho kwa herufi AA, kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, pale watu wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walipogundua kwamba mlevi akimsaidia mlevi mwenzake, wote wawili husimama. Bill Wilson alijifunza mengi kwa Samuel Shoemaker, kasisi wa Kanisa la Episkopali huko New York. Kanisa lilikuwa na mkono hapo mwanzo. Leo je, chumba cha parokia yako chaweza kufunguliwa jioni moja kwa juma kwa ajili ya watu hawa?

Na akirudi akaanguka tena? Mara nyingi huanguka. Tusimfute katika kitabu. Msamaria aliahidi kulipa “kitakachozidi”, maana alijua gharama yaweza kuzidi. Mke wa mlevi naye atunzwe. Amebeba mzigo kwa miaka, wala hakuna aliyemwuliza kama amekula.

Kwa makasisi wenzangu nasema: aliyeacha pombe akija kwenye Meza ya Bwana, msimlazimishe kikombe ikiwa ndani yake mna divai. Apokee mkate tu. Kanisa letu lafundisha kwamba aliyepokea kwa namna moja amempokea Kristo mzima. Tone moja lisigeuke kuwa mtego mikononi mwetu.

Huenda mwaniuliza fundi wetu aliishia wapi. Hakufa, Mungu ashukuriwe. Kifafa kilikoma, panya wakaondoka, homa ikashuka. Lakini kumbukumbu yake haikurudi. Ule ugonjwa wa Korsakoff nilioutaja ulikuwa umemfikia. Nilimwuliza muuguzi kama ni kwa sababu ya siku zile tatu. Alinyamaza kidogo, akasema hakuna awezaye kugawanya ni kiasi gani kililetwa na miaka ya pombe bila chakula, na kiasi gani kililetwa na kuchelewa kwetu. Alinijibu kwa huruma, lakini hakunifuta hatia, wala sikutaka anifute. Nilimwendea mkewe nikamwomba msamaha. Aliniandalia chai.

Tangu hapo fundi hakunywa tena. Mikono yake haitetemeki. Ukimpa ubao na randa, ataupiga mpaka uone uso wako, maana mikono haikusahau. Lakini ukimwuliza jana alifanya nini, hajui. Kwa muda wote niliokaa katika parokia ile, kila Jumapili nilisimama mlangoni baada ya ibada kuwaaga watu, naye alipofika alinishika mkono kwa furaha na kusema, “Karibu sana, Mchungaji. Naona wewe ni mgeni kwetu.” Nami kila Jumapili nilimjibu, “Asante, fundi. Nimefika sasa hivi.” Kisha nikarudi ndani, nikakaa kwenye benchi alilotengeneza, nikamwomba Mungu anifanye mchungaji anayeuliza maswali kabla ya kuamuru.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, Tabibu wetu, uliyegusa wenye ukoma wala hukuwapita waliolala njiani, uwahurumie wote waliofungwa na pombe na dawa za kulevya usiku huu. Uwape nguvu wauguzi na madaktari wanaokesha nao. Uwape sauti ya upole na mikono isiyochoka. Uwafariji wake, waume, wazazi na watoto. Utusamehe sisi tuliopenda bila maarifa, na utufundishe kubeba, kupeleka na kurudi. Kwa jina lako tunaomba. Amina.

Mungu awabariki, wasikilizaji wapendwa. Na kama yuko mtu nyumbani mwako ambaye nimemsema bila kumtaja, usingoje Jumapili. Kaa karibu naye, umwulize lile swali la muuguzi, kisha mwende pamoja.